Kwa Nini Karema Haikugonga Sarafu

Katika Ulaya ya zama za kati, askofu aliweza kumiliki karakana ya kugonga sarafu za fedha. Mwaka 996, kwa mfano, Kaisari Otto III alimpa Askofu Mkuu Hartwig wa Salzburg haki ya soko, ushuru na sarafu. Wapo wanaosema wafalme walitoa haki hizo kwa uchaji, ili waombewe. Hilo lina ukweli wake, lakini sababu ya utawala naiona nzito zaidi: askofu alikuwa na makarani waliojua kusoma, na hakuwa na mwana halali wa kumrithisha cheo. Alipofariki, mfalme alipata nafasi ya kumweka mtu wake. Sarafu ilibaki mali ya kiti cha enzi, hata ilipogongwa kwa askofu. Kardinali Thomas Wolsey wa York alilisahau hilo, akaweka kofia yake ya ukardinali kwenye sarafu kubwa ya fedha. Mwaka 1529 kofia hiyo ikaingizwa katika orodha ya mashtaka yake.

Tukiyashika hayo, tunaweza kuitazama Karema, iliyo ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, kaskazini-magharibi mwa nyanda za juu za Ufipa. Mbelgiji Cambier aliijenga ngome yake mwaka 1879, na mwaka 1885 ikakabidhiwa kwa Wamisionari wa Afrika, wale tunaowaita Mapadri Weupe. Mwanzilishi wao, Kardinali Lavigerie, aliota ufalme wa Kikristo katikati ya Afrika. Kanisa likawa na ardhi, kuta na watu waliokimbilia ulinzi wake. Mbona halikuwa na sarafu?

Jibu la kwanza liko juu mlimani. Wafipa walikuwa na mali iliyofanya kazi ya fedha. Waliyeyusha chuma katika malungu, yaani matanuri ya udongo marefu kumzidi mtu, kisha wakakisafisha katika matanuri madogo, vintengwe. Jembe lililotoka humo lililima, liliuzwa, na lililipa mahari. Walifuma pia nguo nzito za pamba. Misafara nayo ilileta shanga, waya na vitambaa kutoka pwani, na wamisionari walilipia chakula na vibarua kwa vitu hivyohivyo. Kipande cha fedha chenye picha ya askofu kingemfaa nani?

Jibu la pili ndilo zito. Sarafu hufuata kodi, na kodi haikuwa ya mapadri. Tangu 1890 Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilitoa rupia ya fedha yenye kichwa cha Wilhelm II na maandishi ya Kilatini, lugha ya misa yenyewe! Hata hivyo rupia haikuwa na haraka ya kupanda Ufipa mpaka serikali ilipoanza kutoza kodi ya nyumba mwaka 1898, rupia 3 kwa nyumba ya kawaida kijijini. Palipokosekana rupia, watu walilipa kwa mazao au kwa kazi. Kidogo kidogo wakalazimika kuitafuta.

Mwaka 1904 serikali iliigawa rupia katika Heller 100, badala ya pesa 64 za awali. Wajerumani waliondoka, na rupia ikafuata. Lakini sokoni Sumbawanga, na hata kanisani kapu la sadaka linapopita, watu bado husema hela.