Minyoo ya Vilindini na Udongo wa Bara

Msomaji, usidhani ya kuwa bahari i mbali na Kibwezi. Maji yabubujikayo katika chemchemi za Umani, yakiisha kuchujwa na mawe meusi ya volkeno ya vilima vya Chyulu, huingia katika mto Kibwezi. Mto huo humiminika katika Athi. Athi hukutana na Tsavo na kuitwa Galana. Na Galana, baada ya kubadili jina tena na kuitwa Sabaki, huingia Bahari ya Hindi kaskazini ya Malindi. Mvua ikinyesha sana Ukambani, bahari ya huko hugeuka rangi ikawa nyekundu kwa udongo. Udongo mzito hubaki karibu na pwani. Ule ulio laini huchukuliwa mbali, na sehemu yake huzama polepole hata mahali ambapo mwanga wa jua haufiki, na huko chini wamo viumbe ambao tope ndilo chakula chao.

Miongoni mwa viumbe hao ni minyoo wa bahari wenye nywele ngumu. Ni ndugu wa nyungunyungu wa shambani, lakini ndugu aliyepambwa zaidi. Mwili wake umegawanyika pingili pingili. Aghalabu kila pingili ina jozi ya viguu vya nyama, na katika kila kiguu mna kichala cha nywele zilizokakamaa kama za brashi. Walio ufukoni wavuvi huwachimba wakawafanya chambo. Walio vilindini hawakujulikana hata kidogo mpaka zamani za karibuni, na habari ya kujulikana kwao ndiyo nitakayo kukusimulia.

Katika miaka ya 1840 mtaalamu Mwingereza, Edward Forbes, aliyekuwa amechunguza bahari ya Ugiriki, alidai ya kuwa chini ya pima 300 hakuna uhai. Dai hilo lilikubaliwa na wengi, maana lilielekea akili: giza tupu, baridi kali, na uzito wa maji unaozidi kila hatua. Safari ya merikebu Challenger, kuanzia mwaka 1872 hata 1876, ndiyo iliyolizika. Nyavu zake zilileta juu wanyama kutoka kina cha maelfu ya mita, na minyoo yake peke yake ilimpa kazi Mskoti William McIntosh, akaandika juu yao kitabu kinene kilichotoka mwaka 1885. Lakini Challenger ilipita kusini sana, ikielekea Australia, wala haikuigusa bahari yetu. Merikebu ya Wajerumani iitwayo Valdivia ndiyo iliyopita pwani ya Afrika Mashariki mwaka 1899, ikatia nanga Dar es Salaam.

Baada ya hapo alikuja kijana mmoja, Cyril Crossland. Miaka ya 1901 na 1902 alikusanya viumbe wa bahari Unguja na katika pwani ya Kenya. Minyoo aliowapata aliwaeleza katika jarida la Chama cha Elimu ya Wanyama cha London, na mmoja wao, wa mwaka 1903, alimwita Marphysa macintoshi kwa heshima ya yule Mskoti. Huyo si mnyoo wa vilindini, ni wa maji mafupi. Walakini njia ya kumpa mnyoo jina ni moja, awe wa ufukoni au wa kilindini, nami nataka uijue vema, maana watu wengi hudhani ya kuwa kuvumbua ni kuona tu.

Kuona si kitu. Mvuvi wa Unguja aliwaona minyoo hao kabla ya Crossland, na babu yake kabla yake. Mtaalamu humtia mnyoo katika dawa asioze, kisha humweka chini ya hadubini akaanza kuhesabu: pingili ngapi, matamvua yaanzia pingili ya ngapi, meno ya taya mangapi kulia na mangapi kushoto. Hutazama ncha ya unywele mmoja mmoja, kama imepinda, kama ina meno, kama imegawanyika mbili. Kisha, na hapa ndipo penye taabu, yampasa kusoma yote yaliyoandikwa juu ya jamaa zake katika lugha yo yote, ili awe na hakika ya kuwa hakuna aliyemtangulia. Kwa kuwa sheria ni ya kwamba jina la kwanza ndilo litawalalo. Akiridhika huandika sifa zake, humchora, na kumpa jina la maneno mawili kwa mtindo wa Msweden Linnaeus. Mnyoo mwenyewe huwekwa katika chupa ndani ya jumba la makumbusho, awe shahidi. Atakayebisha miaka mia baadaye, na aifungue chupa. Siku hizi huongezwa uchunguzi wa chembe za urithi, lakini chupa bado ndiyo hakimu.

Minyoo wa vilindi vya bahari yetu walikusanywa pia na safari ya Mabahiss. Merikebu hii ilikuwa ya Misri, na mabaharia wake Wamisri, wakiongozwa na wataalamu wa Kiingereza chini ya Seymour Sewell. Iling'oa nanga Iskandaria mwezi wa Septemba mwaka 1933, na mwezi wa Januari 1934 ilikuwa ikiburura nyavu zake katika bahari ya Mombasa na Unguja. Ndani yake alikuwamo tabibu Mmisri, Hussein Faouzi, ambaye baadaye aliandika kwa Kiarabu kitabu akijifananisha na Sindbadi. Minyoo waliopatikana walipelekwa London, na C. C. A. Monro wa Jumba la Makumbusho la Uingereza alitoa maelezo yao mwaka 1937.

Nilikuwa nikipita haraka juu ya jambo moja. Aliyemsaidia Crossland huko Unguja alikuwa Sir Charles Eliot, ambaye naye alikuwa bingwa wa konokono wa bahari wasio na kome, akawapa wengi majina. Bwana huyo ndiye aliyekuwa mtawala wa Kenya tangu 1900 hata 1904, na ndiye aliyewaita walowezi waje kuichukua nyanda za juu. Mkono mmoja uliandika majina ya wanyama wa baharini. Mkono huo huo ulitia sahihi za ardhi. Mwaka 2007 wataalamu walitoa habari ya tumbawe la Malindi lenye umri wa miaka 300 hivi, ambalo katika tabaka zake limehifadhi hesabu ya udongo ulioletwa na Sabaki. Kwa muda mrefu udongo ulikuwa haba. Katika miongo ya kwanza ya karne ya 20, makazi ya walowezi yalipoenea na misitu kufyekwa, uliongezeka ghafula.

Na lawama iliwaangukia nani? Mwaka 1938 serikali ilisema ya kuwa ng'ombe wa Wakamba ndio waharibuo udongo wa Machakos, ikaanza kuwatwaa. Muindi Mbingu aliwaongoza watu wake mpaka Nairobi kudai mifugo yao, naye akahamishiwa Lamu, kando ya bahari ile ile iliyopokea udongo.

Mnyoo alaye tope hufaidika na tope la kiasi, lakini likizidi humfukia yeye na mayai yake. Ni nani aliyeishi mbele ya mlango wa Sabaki kabla ya kuongezeka huko, nani ameondoka na nani ameingia? Anayetaka kujua kwa pwani yetu hana budi kuanza na chupa za Crossland, zilizojazwa wakati walowezi walipokuwa ndiyo kwanza wafike. Na kwa vilindi, na chupa za mwaka 1934.