Unene, Virusi na Karne ya Kuhesabu Wafu

Homa ya mafua ya 1918 iliua makumi ya mamilioni ya watu, wengi wakiwa vijana wa kati ya miaka 20 na 40. Ukiuliza leo kama wanene walikufa zaidi kuliko wembamba, hupati jibu la kutegemewa, kwa kuwa uzito wa mgonjwa ni nadra kuandikwa kwenye daftari za enzi hizo. Hesabu ya kugawa uzito kwa mraba wa urefu ilikuwapo tangu miaka ya 1830, kazi ya Mbelgiji Adolphe Quetelet, ila yeye alikuwa akitafuta umbo la mtu wa wastani, si dalili ya maradhi. Ni mwaka 1972 ndipo Ancel Keys na wenzake walipoipa hesabu hiyo jina tunalolijua sasa, BMI.

Tuhuma dhidi ya unene zilianza kupata uzito mwaka 2009, homa ya mafua ya H1N1 ilipozuka. Mwezi Juni, katika hospitali moja ya Michigan, wagonjwa 10 walilazwa chumba cha mahututi. Tisa walikuwa wanene, saba kati yao wakiwa na BMI ya 40 au zaidi, na watatu wakafariki. Habari ilienea upesi. Lakini wagonjwa kumi hawathibitishi kitu, hasa katika hospitali inayoletewa waliozidiwa kutoka kwingine. California ilikusanya zaidi: kati ya watu wazima 534 waliougua sana, nusu walikuwa na BMI ya 30 au zaidi, na vifo vilizidi kwa wale wa 40 kwenda juu.

Kabla ya hapo, mwaka 2007, watafiti wa North Carolina walikuwa wamewaambukiza mafua panya walionenepeshwa kwa chakula. Walikufa asilimia 42, ilhali kwa panya wembamba ilikuwa asilimia 5.5. Nauthamini ushahidi huu kwa sababu panya hao hawakutofautiana kwa kipato, wala kwa umbali wa kwenda hospitali. Binadamu hutofautiana. Uchambuzi wa tafiti za H1N1 uliotoka 2016 ulionyesha kuwa ukizingatia nani alianzishiwa mapema dawa za virusi, tofauti kati ya wanene na wengine hutoweka. Kama ndivyo, sehemu ya vifo vile ilitokana na tiba iliyochelewa, na jambo hilo linatakiwa kumkosesha daktari usingizi.

UVIKO-19 ilileta hesabu kubwa ambazo hazijawahi kuonekana. Uingereza, mwaka 2020, kumbukumbu za watu wazima zaidi ya milioni 17 zilichambuliwa. Wenye BMI ya 40 na zaidi walikufa karibu mara mbili ya wasio wanene, hata baada ya kuzingatia umri, umaskini na maradhi mengine. Hata hapo palikuwa na kasoro: ambaye uzito wake haukuandikwa alihesabiwa kuwa si mnene. Bado, tafiti za jeni za kurithi zilielekea upande uleule, nami naamini hatari ya unene uliokithiri ni ya kweli.

Nisichokikubali ni ulinganisho wa nchi kwa nchi. Machi 2021, Shirikisho la Unene Duniani lilitangaza kwamba kati ya vifo milioni 2.5 vya UVIKO-19, milioni 2.2 vilitokea katika nchi ambazo zaidi ya nusu ya watu wazima wamezidi uzito. Nyingi ya nchi hizo zina wazee wengi, tena zinajua kuhesabu wafu wao. Tanzania wakati huo ilikuwa imebaki na takwimu za mwaka 2020: wagonjwa 509, vifo 21. Lusaka, watafiti walipopima maiti 364 katikati ya 2020, walikuta virusi kwa 70, na sita tu kati yao ndio waliokuwa wamepimwa wakiwa hai.

Wala si kweli kwamba wembamba ndio uliotukinga sisi wa Afrika Mashariki. Upimaji wa kaya wa 2014 nchini Kenya ulikuta asilimia 33 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 wamezidi uzito. Tanzania, 2015–16, asilimia 28. Wanawake hao walipimwa nyumbani kwao. Wakilazwa na homa ya mapafu wanastahili kupimwa tena, na mizani na kipimo cha urefu mlangoni mwa wodi vingetosha kuanzia.