Theluji kwa Mtoto Aliyeungua

Mtoto aliyeungua hulia siku ya ajali, kisha hulia tena kila siku anaponyooshwa kiungo. Asiponyooshwa, kovu hukaza ngozi na mkono ukabaki umekunjika. Hata mofini haimalizi maumivu hayo.

Mwaka 1996, huko Seattle, Marekani, wanasaikolojia Hunter Hoffman na David Patterson walianza kujaribu jambo ambalo wengi wetu tungeliita mchezo tu: mgonjwa avishwe kofia yenye picha za kompyuta, ajione yumo katika dunia nyingine. Mwaka 2000 walichapisha habari za vijana wawili waliopata nafuu kwa kofia hiyo kuliko kwa Nintendo ya kawaida, na za watu wazima 12 waliofanyishwa mazoezi ya viungo. Baadaye ikaja SnowWorld, bonde la barafu ambamo mgonjwa huwarushia pengwini mipira ya theluji. (Theluji hiyohiyo tunayoilaani huku ugenini!) Hoja yao ni kwamba maumivu hudai usikivu, na usikivu ukishatekwa, hubaki kidogo wa kuyahisi.

Kwa watoto wadogo, tunaona ushahidi mzuri ulitoka Adelaide, Australia, mwaka 2005. Watoto saba, wa kuanzia miaka 5, walibadilishwa bandeji: kwa dawa peke yake wastani wa maumivu ulikuwa 4.1 kati ya 10. Kwa dawa pamoja na mchezo, 1.3. Dawa haikuondolewa.