Alama za Ikweta

Njia kuu itokayo Nyeri kwenda Nanyuki hupita Naro Moru, na karibu na kuingia mjini Nanyuki hukata mstari wa Ikweta. Mstari huo hauonekani. Hata ng'ombe auvukaye hahisi kitu. Ni wazo lililozaliwa na hesabu za wanajimu na wapimaji wa ardhi, na kwa sababu hiyo watu wamelazimika kuliundia umbo. Nanyuki pana kibao chenye ramani ya Afrika. Kayabwe, nchini Uganda, katika njia ya Kampala kwenda Masaka, pana duara jeupe la saruji ambalo mtu aweza kusimama ndani yake, mguu mmoja kaskazini na wa pili kusini.

Mnara ulio mashuhuri zaidi uko Ecuador, kaskazini ya mji wa Quito. Ulijengwa kati ya 1979 na 1982, na juu yake pana tufe mfano wa dunia. Huwakumbusha watu wataalamu wa Kifaransa waliosafiri mwaka 1735 kwenda kupima dunia, ikathibitika kwamba imetuna katikati na kubonyea kwenye ncha zake. Hata hivyo, vipimo vya setilaiti vimeonyesha kuwa mnara wenyewe uko kama meta 240 kando ya mstari. Msanii huunda, mpimaji husahihisha.

Nanyuki nako pana jambo la kusahihishwa. Wageni huonyeshwa beseni lenye tundu: hatua chache kaskazini maji huzunguka upande mmoja, na kusini upande wa pili. Huambiwa kuwa hiyo ni kazi ya mzunguko wa dunia. Nguvu hiyo ipo, nayo ndiyo igeuzayo vimbunga; Mfaransa Coriolis alieleza hesabu zake mwaka 1835. Lakini penye Ikweta huwa sifuri, na hatua 20 kutoka hapo ni hafifu mno. Kinachoyageuza maji ni mkono wa ayamwagaye.

Mwaka 1849 Krapf aliposema kuwa Mlima Kenya una theluji, mabingwa kadhaa wa Ulaya walibisha bila kufika, wakidhani theluji haikai karibu na Ikweta. Kubisha bila kupima na kuamini bila kupima ni ndugu. Basi mwanafunzi apitaye Nanyuki na ajaribu mwenyewe: ayaache maji yatulie kabisa, kisha azibue tundu taratibu kwa chini. Ataona kuwa maji hayajui kaskazini wala kusini.