LiveJournal, kimbilio la waandishi wa shajara

LiveJournal, tovuti ya kuandikia shajara mtandaoni, ilianzishwa mwaka 1999 na Brad Fitzpatrick, kijana Mmarekani aliyetaka kuwapasha rafiki zake habari zake. Haikuchukua muda ikawa kimbilio la watu walioelemewa na shule, kazi na mambo ya nyumbani. Mwandishi alijipa jina alilolitaka, akachagua kijipicha, na chini ya andiko akataja hali ya moyo wake na wimbo aliokuwa akiusikiliza. La maana zaidi lilikuwa kufuli: andiko liliweza kusomwa na marafiki walioteuliwa tu, na hapo ndipo mtu alipoandika yale asiyothubutu kuyasema mbele ya wazazi. Wapenzi wa Harry Potter nao walijenga humo jumuiya nzima za kutunga hadithi.

Mwaka 2007 wasimamizi walifunga ghafla mamia ya shajara zilizodaiwa kukiuka kanuni, zikiwamo za watunzi wa hadithi wasio na hatia. Nyingi zilirudishwa baadaye, lakini imani haikurudi, na watunzi walikuwa na haki ya kukasirika. Mwisho wa mwaka huo LiveJournal ilinunuliwa na SUP, kampuni ya Urusi. Wengi walihamia mtandao wa Tumblr; hadithi zao zikapata makazi katika Archive of Our Own, hifadhi inayoendeshwa na wapenzi wa hadithi hizo wenyewe hadi leo.