Msitu upotezapo hadhi ya hifadhi: Haki ya mwananchi kufahamishwa

KUONDOLEWA hadhi kwa msitu au mbuga ya wanyama ni hatua ya kisheria ambapo serikali hutangaza kwamba eneo lililohifadhiwa, au sehemu yake, si hifadhi tena. Baada ya hapo ardhi hiyo yaweza kugawiwa watu, kulimwa au kujengwa. Tangazo lenyewe hutolewa katika Gazeti Rasmi la Serikali, ambalo ni wananchi wachache hulisoma. Wengi hupata habari pale wanapowaona wapimaji wa ardhi wakikita vigingi.

Wakazi wa Kitale na Bungoma wana sababu ya kulifahamu jambo hili, kwani wanaishi chini ya Mlima Elgon. Msitu wa mlima huo ulitangazwa kuwa hifadhi mwaka 1932, na mwaka 1968 eneo la kilomita 169 za mraba upande wa Trans Nzoia likafanywa mbuga ya taifa. Humo ndimo zilimo chemchemi za mito inayomiminika katika Mto Nzoia, na za Mto Suam, ambao huitwa Turkwel unapoelekea Ziwa Turkana.

Mfano wa karibu zaidi ni Chepyuk, upande wa Bungoma. Mwaka 1971 serikali ilianzisha mpango wa kuwahamishia huko Waogiek waliokuwa wakiishi Chepkitale, katika nyanda za juu za mlima. Mwaka 1974 hekta 3,686 za msitu ziliondolewa hadhi kwa ajili hiyo. Ugawaji wa mashamba uliendelea kwa awamu tatu, huku orodha za waliostahili zikibishaniwa na mpaka kati ya shamba na msitu ukizua utata.

Mzozo kuhusu awamu ya tatu ulichangia kuzuka kwa kundi lenye silaha la SLDF. Mamia ya watu waliuawa na maelfu wakahama makwao kabla ya wanajeshi kupelekwa mlimani Machi 2008 katika Operesheni Okoa Maisha, ambayo nayo ilishutumiwa na watetezi wa haki za binadamu kwa madai ya mateso. Siasa na uhasama wa koo vilikuwa na sehemu yake. Hata hivyo, ardhi ambayo mipaka yake haikuwekwa wazi kwa wote ndiyo iliyokuwa kiini cha ugomvi.

Kosa la kutoshauri wananchi laweza pia kutokea eneo linapopewa hadhi. Mwaka 2000 Chepkitale ilitangazwa kuwa hifadhi ya wanyama, nao Waogiek wakalalamika kwamba hawakuulizwa. Septemba 2022 Mahakama ya Mazingira na Ardhi mjini Bungoma iliamua kesi hiyo kwa manufaa yao.

Chini ya sheria ya zamani ya misitu, Waziri alihitaji tu kutoa notisi ya siku 28 katika Gazeti Rasmi kabla ya kubadilisha mpaka. Hivyo ndivyo ilivyokuwa mwaka 2001, serikali ilipotangaza nia ya kutenga takriban hekta 67,000 za misitu, sehemu kubwa ikiwa katika Mau. Watetezi wa mazingira walipinga na kwenda mahakamani.

Sheria ya Misitu ya mwaka 2005 iliondoa mamlaka hayo mikononi mwa Waziri peke yake. Kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2016 iliyochukua nafasi yake, anayetaka mpaka wa msitu wa umma ubadilishwe sharti awasilishe ombi katika Bunge la Taifa au Seneti. Ombi hilo lazima lionyeshe kwamba hatua hiyo haitahatarisha viumbe adimu wala vyanzo vya maji. Kadhalika, ni lazima athari kwa mazingira zichunguzwe na wataalamu huru, na wananchi washauriwe. Notisi katika Gazeti Rasmi hufuata baada ya azimio la Bunge. Kwa mbuga za taifa, sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 inataka pendekezo la Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, pamoja na idhini ya Bunge la Taifa.

Kinga hiyo haijakosa kutikiswa. Mswada wa mwaka 2021 ulikusudia kulegeza masharti ya kubadilisha mipaka ya misitu, lakini ukapingwa vikali mapema mwaka 2022.

Mwananchi anayetaka kujua hali ya msitu ulio jirani naye anaweza kuanzia katika Gazeti Rasmi, ambalo kwa kawaida huchapishwa kila Ijumaa na kupatikana pia kwenye mtandao wa Kenya Law. Notisi hutaja jina la msitu, ukubwa wa eneo na ramani ya mpaka. Aidha, anaweza kuuliza katika ofisi ya misitu ya kaunti au kwa mbunge wake iwapo kuna ombi lolote mbele ya kamati, kisha awasilishe maoni yake kwa maandishi wakati wa ushirikishi wa umma. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na afisa hana ruhusa ya kumtaka kwanza aeleze sababu ya kuzitaka.