Mgeni Katika Chungu

Msomaji, ukipita Lokichar jioni, kusini ya Lodwar, utauona ugali wa mahindi ukisongwa, nawe utadhani ndicho chakula cha Waturkana tangu kale. Sivyo. Wazee wao waliishi kwa maziwa, damu na nyama, pamoja na mtama kidogo. Mahindi yalienea kwao hasa nyakati za njaa, kama ile ya mwaka 1980, yalipoletwa kuwa chakula cha msaada.

Asili ya mahindi ni Meksiko. Wenyeji wa huko waliyachemsha kwa chokaa au majivu, jambo linalofungua vitamini iliyofungika ndani yake. Wazungu, baada ya mwaka 1492, walichukua mbegu wakaiacha elimu. Maskini wa Italia ya kaskazini wakala polenta, ugali wao, karibu peke yake. Wakapatwa na pelagra, maradhi ya ngozi na akili, yaliyopewa jina hilo mwaka 1771.

Siku hizi polenta hupikwa nyumbani hata katika sufuria ya umeme inayobana mvuke, bila kukorogwa muda mrefu. Chungu kimebadilika, mahindi ni yale yale. Basi usiutenge ugali na maziwa wala maharagwe. Mgeni hukaribishwa, lakini asiwafukuze wenye nyumba.